Nyota-Mkia Isiyotaka Kuhama

Jumatatu, 23 Septemba 2024

Balaa! Kikao cha walimu leo saa nane. Madam Jenoveva, mkuu wetu wa shule, katangaza kuwa walimu wa jiografia tumezidi. Tupo wawili, anatakiwa mmoja. Mwingine atahamishiwa shule ya tambarare, kule chini ng'ambo ya Mombo, kabla ya tarehe mosi Novemba. Jina atalipeleka wilayani tarehe 15 Oktoba. Akatutazama kwa zamu, mimi na Amiri. Nikaangalia viatu vyangu. Vina matope.

Tambarare! Joto, mbu, mkonge. Mimi nimezaliwa hapa Malindi ya Lushoto, nimekulia kwenye ukungu. Nikishuka tu kuipita Soni naanza kutokwa jasho. Na Evelina mke wangu ana miti kumi na minne ya peasi nyuma ya nyumba, yote kaipanda kwa mkono wake. Alishasema zamani kwamba hapa yeye anatoka akiwa amebebwa.

Amiri ana miaka ishirini na tisa. Hana mke, hana mti hata mmoja. Ni zamu yake kwenda, mtoto mdogo anaona hilo. Lakini anajua na fizikia, hapo ndipo penye shida. Tena kila asubuhi ananiamkia shikamoo kwa sauti kubwa mlangoni mwa ofisi, ili wote wakumbuke nina miaka hamsini na mbili.

Hata hivyo, nina mpango. Nimeuona kwenye kishikwambi wakati wa kikao. Kuna nyota-mkia inakuja. Jina lake refu, nusu la Kichina, sitalijaribu mbele ya wanafunzi. Obiti yake haina mfano: mara ya mwisho ilipopita hapa hapakuwa na Lushoto, wala shule, wala wilaya ya kuhamisha mtu. Dunia nzima watu wanapima mng'ao wake kila siku na kutuma namba kwenye orodha moja mtandaoni. Nimejiandikisha. Fanueli, Usambara, Tanzania. Mlima mzima niko peke yangu. Nani atathubutu kumhamisha mtu aliye katikati ya vipimo vya dunia? Hakuna!

Jumanne, 24 Septemba

Nimeamka saa kumi alfajiri. Nyota-mkia inatokea mashariki kabla ya jua, chini kabisa, juu kidogo ya mgongo wa mlima wa pili. Nimesimama kwenye ukuta mfupi wa ua wetu na darubini ya macho mawili niliyoazima kwa shemeji anayetembeza watalii. Ukungu. Sikuuona mlima wa pili. Sikuiona miti ya Evelina. Mkono wangu niliuona kidogo.

Mchana nimesoma maelekezo. Namba ikipungua, mng'ao umeongezeka. Kama nafasi darasani: wa kwanza ndiye mkali, wa sita hata haonekani. Unailegeza darubini mpaka nyota za kawaida zivimbe zifanane na nyota-mkia, kisha unalinganisha. Rahisi sana. Kinachohitajika ni nyota.

Alhamisi, 26 Septemba

Ukungu siku ya tatu. Mafua. Madam kaniuliza vipimo vinaendeleaje, maana nilishamwambia Jumatatu ileile kwamba nimeanza. Nikasema vizuri sana. Akasema ataviomba viwekwe kwenye ubao wa matangazo.

Nimefanya jambo. Kwenye mtandao kuna jedwali la makadirio, jinsi wataalamu wanavyotegemea itang'aa kila siku. Nimechukua namba za siku tatu, nikazipunguza kidogo hapa, nikaziongeza kidogo pale, nikazituma. Si uongo. Nimeazima tu, nitarudisha nikiiona. Sijala chakula cha jioni.

Ijumaa, 27 Septemba

NIMEIONA! Saa kumi na moja kasorobo. Ukungu ulikuwa mwepesi, na pale pale inapotakiwa kuwa, juu kidogo ya mgongo wa mlima wa pili, mwanga mweupe wenye ukungu-ukungu. Na mkia! Mkia umeinuka juu, umepinda kidogo kushoto, unacheza. Hakuna kitabu kilichoniambia kwamba mkia unacheza. Nimemwamsha Evelina. Ametazama, akasema ndiyo, kuna kitu kinawaka, akarudi kulala. Mwanamke ana moyo wa jiwe.

Nimekadiria moja na nusu. Nimetuma. Shukrani kwa Mungu, deni langu la jana nimelilipa.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimegundua kanuni! Nimeifuatilia siku nne mfululizo. Jumamosi kulikuwa na mawingu kutwa, na Jumapili alfajiri nyota-mkia ilikuwa hafifu, inakaribia kuzimika. Jana jua limewaka tangu asubuhi, na leo inang'aa mpaka inaumiza jicho. Yaani siku yenye jua kali inafuatwa na nyota-mkia kali. Ni wazi. Nyota-mkia inapata joto kutoka kwa jua, kila kitabu kinasema hivyo. Lakini hakuna aliyewahi kuonyesha kwamba inategemea jua la Lushoto. Nimeandika kurasa mbili.

Amiri naye kaiona, kutoka kilima cha juu ya shule. Nani alimwomba? Baada ya shikamoo yake akaniambia, kwa upole wake ule, kwamba yeye kaiona upande wa kulia zaidi, tena hafifu kuliko namba zangu, na mkia hauchezi. Nikamjibu kwamba macho ya vijana yameharibiwa na simu. Akacheka, akasema huenda. Sipendi anavyokubali haraka.

Alhamisi, 3 Oktoba

Grafu yangu imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, wino mwekundu, jina langu juu. Madam kaisoma mstarini mbele ya shule nzima. Kasema shule sasa inajulikana nje ya nchi. Kanishika bega. Amiri alipiga makofi kuliko wote, ili aonekane mwema.

Nyumbani, Evelina kanivuruga akili. Alikuja na chai ukutani alfajiri, akasimama nami karibu nusu saa. Akauliza mbona nyota nyingine zote zinapanda wakati sisi tunakunywa chai, na hii yangu imekaa tu. Nikamweleza kwamba iko mbali mno, na kitu kilicho mbali kinakwenda polepole. Akauliza kwani zile nyingine ziko karibu? Nikamwambia chai imepoa.

Jumanne, 8 Oktoba

Sijalala vizuri. Watu wote kwenye orodha wanasema nyota-mkia imezama kwenye mwanga wa jua. Imepita kati yetu na jua, haionekani tena alfajiri, wiki hii itatokea upande wa pili, magharibi, jioni. Waliopo Australia wanasema hivyo. Waliopo Chile wanasema hivyo. Amiri anasema hivyo.

Yangu ipo. Leo alfajiri nimeiona kwa macho yangu haya, mashariki, palepale, na mkia wake.

Ama dunia nzima imekosea, ama mimi. Nimewaza kutwa nzima. Kipindi cha kidato cha pili nimefundisha mito ya Ulaya mara mbili. Saa kumi jioni likanijia jibu, nikasimama katikati ya ofisi. Imepasuka! Nyota-mkia hupasuka, imeandikwa. Kipande kikubwa kimekwenda na obiti yake, na kipande kimoja kimebaki. Kimebaki juu ya Malindi! Na aliyekiona ni mimi peke yangu, kwa kuwa wengine waliwahi kukata tamaa.

Nimetuma taarifa. Nimeandika kwamba jina la kipande litasubiri heshima ya wenzangu, lakini Fanueli ni rahisi kutamka kwa lugha zote.

Jumatano, 9 Oktoba

Wamejibu. Mtu mmoja wa mbali, mwenye adabu sana. Kasema habari hiyo ni kubwa mno, na kwa hiyo anaomba picha. Na urefu wake juu ya upeo wa macho. Na kwa nini haisogei.

Kwa nini haisogei! Evelina kawaandikia?

Kibaya zaidi, nilikuwa nimeshamwambia Madam. Kafurahi mpaka kavua miwani. Kasema Ijumaa alfajiri anakuja mwenyewe ukutani kwangu kuiona, na Amiri aje na simu yake yenye kamera nzuri pamoja na stendi. Akaongeza kwamba hili litamsaidia kuamua lile jambo la tarehe 15. Alilisema taratibu.

Mipango ya kuwazuia: (1) Niseme Evelina anaumwa ugonjwa wa kuambukiza. Kakataa kuumwa. (2) Niseme njia imeporomoka. Madam anapita njia hiyohiyo kwenda Misa. (3) Ukungu. Nimeomba ukungu. Mimi, niliyelalamikia ukungu wiki nzima, nimepiga magoti kuuomba.

Alhamisi, 10 Oktoba

Jua kutwa nzima. Anga jeupe, hakuna wingu hata la kusingizia. Evelina kafua mashuka, yamekauka kabla ya saa sita. Kulingana na kanuni yangu, kesho itang'aa kuliko siku zote. Nitakuwa mtu mkubwa, au nitaumbuka.

Ijumaa, 11 Oktoba

Niandike haraka, nimalize.

Walifika saa kumi na nusu. Madam na koti zito, Amiri na stendi. Shikamoo. Marahaba. Hakuna ukungu kabisa. Na kipande changu kipo, kinawaka, mkia juu! Madam akashika mdomo. Akasema Mungu ni mkubwa. Nilisimama wima kuliko nilivyowahi kusimama tangu harusi yangu.

Amiri akafunga simu kwenye stendi. Akatazama. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini ili Madam asisikie, kama kawaida inakaa mbele ya ule mkaratusi wa ng'ambo au nyuma yake, maana kwenye kamera yeye anaona tawi liko nyuma. Nikamwambia hayo ni mazingaombwe ya hewa. Akasema sawa, Mwalimu.

Kukaanza kupambazuka. Mgongo wa mlima ukajitokeza taratibu. Nyota-mkia haikufifia. Ukajitokeza mkaratusi. Likajitokeza shamba la viazi. Kisha nyota-mkia ikaota miguu.

Miguu minne. Ya miti. Dungu! Lile jukwaa la kulindia shamba, na juu yake taa ya sola imefungwa kwenye mti. Chini yake moto wa kuni mbichi, na moshi unapanda juu, unapinda kidogo kushoto, unacheza. Akatoka mtu kajifunga blanketi. Akanyoosha mkono, akaizima nyota-mkia kwa kidole kimoja.

Alikuwa mzee Rajabu, mwenye lile shamba la viazi. Akatuona watu watatu tumepanga mstari ukutani tunamkodolea macho na kamera. Akapaza sauti ng'ambo ya bonde, akatusalimu kwa Kisambaa: Onga makeo! Madam akamwitikia, ana malezi mema yule mama. Mzee akauliza kama nguruwe pori wameshavuka upande wetu pia, maana kwake walifukua viazi vibaya sana, ikabidi Alhamisi ile ya mwisho wa Septemba aweke taa. Akasema taa yenyewe ni nzuri, ila siku za mawingu haijichaji.

Evelina akaleta chai. Madam akanywa yote, akashukuru, akaondoka. Amiri akakunja stendi yake polepole sana. Angecheka basi! Ningekuwa na kitu cha kumchukia.

Jumapili, 13 Oktoba

Sikutaka kwenda. Amiri kawaalika watu wote uwanjani jioni kuiona ile ya kweli, magharibi, baada ya jua kuzama. Ilitangazwa hata kanisani kwetu. Nilikaa nyumbani najifanya nasahihisha. Evelina akavaa kitenge chake, akaniambia nivae viatu.

Tulisimama nyuma kabisa. Jua likazama, anga likawa jekundu, kisha kijivu. Amiri akanyoosha mkono. Nikatazama.

Haikufanana na taa. Ilikuwa imetulia, mkia wake mrefu umesimama juu moja kwa moja, mwembamba, haupindi wala hauchezi. Evelina kanishika mkono wa koti. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na nane kuhusu kitu hiki na sikuwa nimekiona hata mara moja. Niliona aibu, na nilifurahi, vyote kwa pamoja, na macho yakaniloa. Nikasingizia mafua.

Kabla hatujaondoka niliukadiria mng'ao wake. Kwa mara ya kwanza sikuhitaji jedwali. Nilisahau kuiandika namba yenyewe.

Jumanne, 15 Oktoba

Ni mimi.

Madam kaniita ofisini saa tatu. Hakunigombeza, na hilo ndilo baya zaidi. Kasema katika miaka yake yote hajaona mwalimu mwenye ari ya kutazama mbinguni kama mimi, aliyeamka alfajiri wiki tatu na mafua yake. Kasema kilichoniangusha ni ukungu na mlima tu. Kule tambarare hakuna ukungu. Hakuna mlima mbele ya macho. Kwa hiyo, kwa moyo mweupe kabisa, jina alilolipeleka wilayani ni langu. Alitegemea nishukuru. Nilishukuru.

Nilimwambia Evelina nikiwa nimesimama mlangoni, tayari kukimbia. Hakupiga kelele. Aliuliza tarehe tu. Kisha akatoka nyuma, akasimama katikati ya miti yake ya peasi, akaweka kiganja kwenye shina la mmoja. Akakaa hapo mpaka giza likaingia. Ningependa angenipigia kelele.

Jumatano, 16 Oktoba

Tunabaki! Saa kumi na mbili jioni hodi mlangoni. Amiri. Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mama. Kakaa kwenye ukingo wa kiti. Kasema kafikiria. Yeye hana familia ya kuhamisha, hana miti, na si vizuri mtu mzima ang'olewe alipozoea. Kaenda kwa Madam kuomba aende yeye. Madam kakubali, kapiga simu wilayani, jina langu limefutwa.

Evelina alilia. Mimi nilikohoa. Evelina akaenda bandani akamkamatia Amiri jogoo wetu mkubwa, yule mwekundu, nikanyamaza kimya ingawa jogoo yule ni wangu. Kijana mwema. Nimekuwa nikimwonea. Nimeapa mbele ya Evelina kwamba kuanzia leo nitafundisha mito ya Ulaya na kuridhika. Nitalala usiku kucha.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimehujumiwa!

Leo kwenye ubao wa matangazo, mahali palipokuwa na grafu yangu, kuna barua ya pongezi kwa Amiri. Kumbe huko tambarare anakwenda kuwa mkuu wa idara ya jiografia. Mkuu wa idara! Na si hilo tu. Kuna chama cha wapenda anga cha Dar es Salaam, kimeahidi kuipa shule ileile darubini kubwa, ya kusimama, yenye miguu yake mitatu, kwa kuwa kule anga ni jeupe karibu mwaka mzima. Atakayeisimamia ni mwalimu wa jiografia.

Nani aliniambia haya? Hakuna! Na jina la kwanza kuandikwa lilikuwa la nani? La kwangu! Madam mwenyewe alisema hajaona mwenye ari kama mimi. Eti kanionea huruma, kijana yule. Huruma gani yenye cheo na darubini? Na jogoo wangu kachukua!

Nimeandika barua wakati wa chai. Kurasa mbili. Nimeeleza kwamba nimetafakari, kwamba kazi ni wito, kwamba siwezi kukubali kijana ajitoe mhanga kwa ajili yangu, na kwamba naomba, kwa unyenyekevu, jina langu lirudishwe. Nikaipitisha chini ya mlango wa Madam, nikatembea haraka.

Saa tisa kaniita. Kaguswa sana. Kasema ule ni moyo wa mwalimu wa zamani, hawapo tena. Kapiga simu wilayani mbele yangu. Wamekubali, ila wamesema hii ni mara ya mwisho, barua imeshagongwa muhuri na haitabadilishwa tena hata ikiwaje. Nimeshinda! Nilipokutana na Amiri koridoni alinipa mkono na kunipongeza, lakini niliona uso umemnyong'onyea. Nilifurahi njia nzima mpaka nyumbani.

Nimemkuta Evelina nyuma ya nyumba na jembe, anaimba. Kachimba mashimo sita mapya. Miche ya peasi iko pembeni imefungwa kwenye majani ya mgomba. Kasema sasa tumeshajua tunabaki, aongeze miti, ifike ishirini. Akaniomba nimshikie mche usimame wima wakati anafukia. Nimeshika. Yote sita.

Kesho nitamwambia. Hapana, keshokutwa, akitoka kanisani. Kwanza nitafute namna ya kulileta jambo hili ili lionekane ni wazo lake.